Ndugu, Upo?

Sehemu ya saba

Juma lililopita tuliwaacha watu wanne gizani, ndani ya lifti iliyoporomoka ghafla ilipokaribia ghorofa ya tano, na sauti moja ikiuliza: "Nani anahusika na lifti hii?"

Msomaji mmoja ameniandikia kulalamika kwamba si ungwana kumwacha mama wa miaka sabini na minne gizani kwa siku saba. Namwomba radhi. Ndani ya lifti zilikuwa zimepita sekunde kumi tu.

Kwanza niwatoe hofu. Lifti haikufika chini. Iliporomoka kiasi cha urefu wa mtu mzima, kisha makucha ya chuma yaliyo chini yake yakang'ata reli, maana hiyo ndiyo kazi yake. Ikakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Hakuna aliyekufa. Kama kuna aliyeanza kulia, anyamaze.

"Nimeuliza, nani anahusika na lifti hii?"

Aliyeuliza alikuwa Daktari wa Meno wa ghorofa ya sita. Gizani mtu anaweza kuwa yeyote, na kwa muda ule Fundi Mkubwa alichagua kuwa abiria.

Daktari akawasha tochi ya simu. Mwanga ukatua kifuani kwa Fundi Mkubwa, juu ya maneno mekundu yaliyoshonwa kwenye ovaroli: FUNDI WA LIFTI.

"Ahaa," alisema Daktari.

Chini ya maneno hayo palikuwa na msalaba mdogo wa bati, aliopewa siku aliyosimikwa kuwa mzee wa kanisa. Tochi ikauona na huo.

"Ahaa," alisema Daktari tena.

"Bonyeza kengele basi," alisema Mshonaji wa ghorofa ya tano. Alikuwa amekumbatia gauni la bibi harusi lililofunikwa nailoni. Lilikuwa limeshateremshwa kwa mwenyewe, likaonekana halina kifungo kimoja, na sasa lilikuwa linapandishwa likatiwe kifungo. Harusi ilikuwa saa tano. Wakati huo ilikuwa saa tatu na nusu, na pindo la gauni lilikuwa limebanwa na mlango wa lifti.

Fundi Mkubwa akabonyeza kengele. Haikulia.

"Bonyeza vizuri."

Akabonyeza vizuri. Kengele ikanyamaza vizuri vilevile. Katika kadi ya ukaguzi, kwenye mstari wa "Kengele", alikuwa ameandika "Inalia" mara ishirini na moja kwa mwandiko mzuri.

"Baba, miwani yangu imeanguka," alisema mtu wa nne. Huyu alikuwa mama mzazi wa Fundi Mkubwa, aliyekuja kupimwa macho ghorofa ya tano. "Niangalizie hapo chini."

Fundi Mkubwa akasogeza mguu ili aangalie. Kitu kikalia *krach*.

"Nimeipata, mama," alisema.

* * *

Kwa wale walioanza kusoma leo, nitawapa mambo matatu, kisha turudi ndani.

La kwanza. Jengo hili la ghorofa sita lina mafundi wawili wa lifti, ndugu wa tumbo moja. Baba yao alikuwa fundi wa lifti hiihii, nao walirithi kazi. Wapangaji huwaita Fundi Mkubwa na Fundi Mdogo.

La pili. Miezi mitano iliyopita, Fundi Mdogo alipepesuka katikati ya ibada akiwa na kwaya, akaangukia kinanda. Kinanda kikatoa sauti ambayo haimo katika wimbo wowote. Juma lile lile Fundi Mkubwa alisimama mbele ya baraza la wazee wa kanisa akasema: "Naona uchungu kusema, lakini mdogo wangu anakunywa." Chupa hakuwahi kuiona. Aliona aibu tu, akaipa jina. Baraza likamtenga Fundi Mdogo: hana kwaya, hana meza ya Bwana. Tangu siku hiyo ndugu hao hawasemezani.

La tatu ndilo baya. Wiki saba zilizopita, Fundi Mkubwa alikuwa anatafuta spana katika sanduku la mdogo wake, akakuta karatasi ya hospitali. Ilisema kwamba mwenye karatasi ana ugonjwa wa sikio la ndani, unaoleta kizunguzungu cha ghafla. Tarehe yake ilikuwa ya kabla ya baraza kukaa.

Akairudisha karatasi mahali pake. Alfajiri yake, akiwa amepiga magoti, Mungu akasema naye. Hakukuwa na radi. Ilikuwa sauti ya kawaida tu moyoni, kama ya mtu anayekutuma dukani: nenda kamwombe radhi ndugu yako, kisha ukaseme mbele ya baraza lile lile.

Fundi Mkubwa akajibu kwamba atafunga siku tatu. Akafunga. Sauti ikarudia maneno yaleyale. Akajitolea kupaka rangi geti la kanisa, mara mbili, kijani. Sauti ikarudia. Akaomba awe anaongoza maombi ya Jumatano. Mungu aliomba kitu kimoja, na Fundi Mkubwa akampa vitu vitatu ambavyo hakuombwa. Alishangaa sana kuona bado anadaiwa kile kimoja.

Na kazini je, watu wasiosemezana wanafanyaje kazi? Kwa chaki. Waliandikiana kwenye ukuta wa chumba cha mashine, kule juu ya ghorofa ya sita. "Oili imeisha." "Nimeona." Mambo yalikwenda hivyo, isipokuwa ukaguzi wa Jumatatu. Ukaguzi unataka mmoja awe juu kwenye mashine na mwenzake awe chini kwenye shimo la lifti, waitane na kuitikiana, huku breki ikijaribiwa. Hilo haliandikiki kwa chaki. Basi kila Jumatatu Fundi Mkubwa aliandika ukutani, "Ukaguzi tayari, nimepata mtu wa kunisaidia," kisha akachukua kadi akasaini mara mbili, saini yake na ya mdogo wake.

Jumatatu ishirini na moja. Ya mwisho ilikuwa juzi. Breki ikaona inatosha.

* * *

Turudi ndani.

"Nina mgonjwa kitini," alisema Daktari wa Meno. "Nilishuka mara moja kuchukua boksi la glovu. Nimemwacha mdomo wazi, nimeshampiga sindano ya ganzi. Ganzi haimsubiri mtu."

"Na mimi nina bibi harusi kwenye gari," alisema Mshonaji.

"Mimi sina haraka," alisema mama. "Ila sioni kitu."

Hapo wakasikia kishindo juu ya vichwa vyao. Mlango wa chuma ulifunguliwa kule kwenye chumba cha mashine, na sauti ya mtu ikashuka shimoni, ikapita kwenye tundu la hewa la dari.

"Ndugu, upo?"

Fundi Mkubwa akaganda.

"Tupo!" Daktari alipiga kelele. "Tupo wanne!"

"Nani huyo?"

"Daktari wa Meno!"

"Daktari, pole sana. Lakini wewe sio ndugu yangu."

Daktari akawatazama wenzake. "Anasema mimi sio ndugu yake."

"Ni kweli," alisema mama. "Ningejua."

Mshonaji naye akajaribu. "Fundi Mdogo! Ni mimi wa ghorofa ya tano! Zungusha hilo gurudumu lako la kupandishia lifti tutoke!"

"Pole, dada. Na wewe siwezi kukuitikia."

Mama akajisogeza chini ya tundu. "Mimi ni mama yako!"

"Mama? Nawe umo humo?"

"Nimo!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tutoe."

"Siwezi, mama. Kanuni ya baba."

"Baba yako angekuwepo angekuchapa."

"Mama, baba alipoteza vidole viwili kwa sababu mtu mwingine aliitikia."

Mama akafikiri. "Hilo kweli," akawaambia wenzake. "Mpangaji mmoja alisema 'endelea' wakati mume wangu hajatoa mkono. Nilimfunga bandeji mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo akawafundisha wanawe: wa juu hazungushi gurudumu mpaka ndugu yake wa chini amwitikie kwa sauti yake. Ni kanuni nzuri. Siwezi kuipinga kwa sababu tu nimekwama."

"Ndugu, upo?" sauti iliita tena.

Watu watatu wakageuka kumtazama Fundi Mkubwa. Mama hakuwa anaona, lakini aligeuka sawasawa.

"Anakuita wewe," alisema Daktari.

"Nimesikia."

"Basi itikia."

"Lina historia ndefu."

"Mgonjwa wangu ana sindano fupi!"

Fundi Mkubwa akamtazama Mshonaji, naye akamwonyesha pindo lililobanwa. Neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko maneno yote aliyowahi kuongoza Jumatano. Lakini alijua kwamba akimwitikia mdogo wake leo, hatakuwa na sababu ya kunyamaza kesho, na yule aliyemtuma hatanyamaza kabisa.

"Baba," alisema mama taratibu. "Unadhani sijui? Miezi mitano mnakuja kwangu kula Jumapili. Huyu anasema, 'Mama, mwambie kaka anipe chumvi.' Yule anasema, 'Mama, mwambie chumvi hiyo hapo.' Nikajifanya mzee nisiyeelewa, kwa sababu ndivyo mlivyotaka niwe."

"Mama, si mahali pake hapa."

"Mahali gani tena? Hapa angalau huwezi kuondoka." Akatafuta mkono wake gizani akaushika. "Siku mdogo wako aliponyimwa meza ya Bwana, na mimi nilibaki kitini. Sijashiriki mpaka leo. Wewe mzee wa kanisa, unapita na kikombe kila mwezi, ulifikiri nina nini?"

Fundi Mkubwa hakuwa amefikiri. Alikuwa amedhani ni magoti yanayomsumbua.

Ilimchoma pale pale. Miezi mitano alikuwa anajihesabia kosa kama la mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja, jambo la wanaume wawili na ukuta wa chaki. Sasa ndani ya lifti alikuwa amesimama mama yake bila miwani na bila ushirika, na chini garini kulikuwa na bibi harusi bila gauni, na mtu asiyemjua amekaa mdomo wazi ghorofa ya sita. Wote hao hawakumkosea Mungu chochote asubuhi ile.

"Ndugu, upo?" Mara ya tatu. Sauti ya juu ilikuwa imechoka.

Fundi Mkubwa akainua uso kwenye tundu la hewa.

"Nipo," alisema. "Nipo, ndugu."

Kisha: "Makucha yameng'ata?"

"Yameng'ata. Unipandishe kwanza, yalegee. Breki imekwisha, usiiamini."

"Nimeiona. Meneja wa jengo ananishikia mkono wa breki."

"Meneja mwenyewe?"

"Na suti yake."

Ikasikika sauti ya tatu, ya mtu anayehema: "Fanyeni haraka, hiki chuma kizito!"

"Naanza. Mzunguko mmoja."

"Endelea."

Lifti ikalia, ikatikisika, ikapanda kiasi cha kiganja. Makucha yakaachia. Mshonaji akapiga yowe, maana pindo lilikuwa limebaki pale lilipokuwa. Nguo ikachanika taratibu, kwa urefu wote wa pindo, na hakuna aliyepata la kusema mpaka ilipomaliza.

"Mzunguko wa pili."

"Endelea, ndugu."

Wakaenda hivyo mizunguko thelathini na minne. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyofanya tangu ndugu hao waache kusemezana. Mama alikuwa analia bila kujificha, akijua wenzake watadhani ni woga.

* * *

Mlango ukafunguliwa ghorofa ya tano. Daktari wa Meno alitoka mbio na kupanda ngazi na boksi lake la glovu. Mshonaji alitoka na gauni lenye mkanda mweusi wa grisi, akaingia chumbani kwake akajifungia. Cherehani ilianza kulia saa ile ile. Ana moyo Mshonaji yule. Tutakutana naye tena.

Meneja wa jengo alishuka ngazi, akifuta viganja kwa leso. Nyuma yake akaja Fundi Mdogo, mkono mmoja ukutani, akihesabu vidato. Hushuka hivyo siku zote, kwa sababu ya sikio. Mtu asiyejua angesema amelewa. Meneja hakuwa anajua.

"Hii hapa," Meneja alisema. Alitoa kadi ya ukaguzi kwenye mfuko wa koti. "Jumatatu ishirini na moja, mmesaini wawili. 'Breki nzima. Kengele inalia.' Breki nimeishika mwenyewe, haina nyama, imelika yote. Sasa nani alikuwa juu na nani alikuwa chini?"

Fundi Mdogo akapokea kadi. Akaisoma kuanzia juu. Akaona saini yake ishirini na moja, nzuri kuliko anavyoisaini mwenyewe. Akamtazama kaka yake mara moja, halafu akamtazama mama, aliyekuwa amesimama akishika ukuta, uso ameuelekeza kwenye mlango usiokuwa na mtu.

"Saini ni yangu," alisema Fundi Mdogo. "Kukagua breki ni zamu yangu. Kaka alikuwa ananiamini."

"Nilijua!" alisema Meneja. "Mlevi ni mlevi. Mpaka kanisani kwenu wamekutenga, na aliyesema ni huyu ndugu yako wa damu. Nikakuonea huruma nikakuacha. Leo mama yako angekufa mikononi mwako." Akatoa barua kwenye mfuko mwingine. Ilikuwa imeshapigwa chapa, bado saini. "Umeachishwa kazi. Vifaa vyako utatoa leo."

Na hapo, msomaji, mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele ya Fundi Mkubwa. Hakutakiwa kusema uongo wowote. Alitakiwa kunyamaza tu, kazi aliyoizoea.

"Nani anazungumza na nani?" aliuliza mama. "Mimi sioni. Baba, hiyo kadi imesainiwa na nani? Nisomee."

Fundi Mkubwa akaichukua kadi.

"Nimesaini mimi, mama," alisema. "Zote. Yangu na ya kwake. Ukaguzi haukufanyika hata siku moja."

Meneja akaacha kufuta mikono.

"Na si mlevi," Fundi Mkubwa aliendelea, haraka, kabla hajajionea huruma. "Mdogo wangu hajawahi kuonja. Ana ugonjwa wa sikio. Nilimsingizia mbele ya baraza, na ninajua kwamba nilimsingizia."

Fundi Mdogo akaachia ukuta.

"Unajua?" aliuliza. "Umejuaje? Karatasi sijamwonyesha mtu."

"Niliiona kwenye sanduku lako."

"Lini?"

Hili swali Fundi Mkubwa hakulitegemea. Alidhani ukishatubu, watu wanakukumbatia.

"Lini, kaka?"

"Wiki saba."

Fundi Mdogo akatikisa kichwa polepole, kama anayepiga hesabu asiyoipenda.

"Mimi nilikuwa nakutetea," alisema. "Mke wangu akisema, namwambia, kaka amekosea tu. Aliniona naanguka, akadhani. Mtu anaweza kudhani. Nilisema siku akijua ukweli atakuja mwenyewe, na nikanyamaza na karatasi yangu, nisimwaibishe mzee wa kanisa." Akasogea hatua moja. "Wiki nne zilizopita binti yangu alipata kipaimara. Aliyetengwa hasimami mbele na mtoto wake. Nani alisimama naye?"

Fundi Mkubwa akatazama sakafu.

"Wewe. Ulimshika bega. Mimi nilikuwa nje, nimeegemea geti, nachungulia. Rangi ilikuwa mbichi. Koti langu la pekee lina mstari wa kijani mpaka leo." Akamnyooshea kidole. "Ulikuwa unajua, na ukamshika bega mwanangu."

"Mdogo wangu..."

"Wewe na chaki yako."

Akageuka, akapanda ngazi, safari hii bila kuhesabu vidato. Akayumba kwenye kona, akashika ukuta, akaendelea. Wakasikia mlango wa chuma wa chumba cha mashine ukifungwa, na ufunguo ukizunguka. Kitasa cha mlango ule huzungushwa mara mbili. Kilizunguka mara mbili.

Meneja akakohoa. "Kwa habari ya saini nimekuelewa, na barua yako wewe nitaiandika nikipumzika. Lakini huyu bado ananipa shida. Mbele ya wazee kumi na wawili ulisema mlevi. Leo mbele yangu unasema sikio. Nishike lipi? Mlevi hapandi kwenye mashine yangu."

"Baraza linakaa leo saa nane," alisema Fundi Mkubwa. "Nitasema pale."

"Mdogo wako naye aje mwenyewe, na karatasi yake. Kabla ya saa kumi niwe nimesikia kutoka kwa mchungaji wenu. La sivyo, naisaini." Akaikunja barua, akashuka kwa ngazi.

Mama alikuwa bado ameshika ukuta.

"Wiki saba," alisema. Hakusema jingine. Fundi Mkubwa akamshika mkono, akamfikisha kwa mpima macho, akamkalisha kitini. Alipotaka kuuachia mkono, mama akaubana mara moja, kisha akausukuma. "Nenda," alisema. "Umechelewa wiki saba."

* * *

Alipanda. Ngazi za mwisho, za kutoka ghorofa ya sita hadi chumba cha mashine, ni ishirini na mbili, zenye ukuta mweupe upande mmoja. Akasimama mbele ya mlango wa chuma.

"Ndugu, upo?"

Akagonga kwa kiganja.

"Ndugu yangu, upo?"

Ndani kikasikika kitu kinagusa sakafu. Chini ya mlango pakatoka kipande cha chaki, kikabingirika mpaka kwenye kiatu chake, kikatulia.

Fundi Mkubwa akakiokota. Kilikuwa kifupi kama kidole cha mtoto. Akafikiri kidogo. Kisha akageukia ukuta mweupe wa ngazi, unaoonekana na kila apandaye, akaanza kuandika kwa mwandiko wake mzuri.

Aliandika kwamba mdogo wake si mlevi. Aliandika ugonjwa wenyewe, na tarehe ya karatasi. Aliandika ni nani aliyemsingizia, akataja cheo chake kanisani. Aliandika juu ya Jumatatu ishirini na moja. Aliandika kwamba Mungu alimtuma, akakataa, akaenda kupaka rangi. Akaandika habari za kipaimara na koti. Kadiri alivyoshuka ngazi ndivyo maandishi yalivyoshuka naye, na chaki ikawa inaisha. Kwa sentensi ya mwisho alikuwa anasugua kucha. Sentensi hiyo ilisema: *Nisamehe, na usiponisamehe, bado ni kweli.*

Aligeuka kujifuta machozi. Kidato kimoja chini yake alikuwa amesimama mtu mwenye kitambaa cha plastiki shingoni na pamba shavuni, aliyetoka tu kung'olewa jino. Alikuwa anasoma ukuta kuanzia juu, midomo ikicheza.

Alikuwa mchungaji wake.

Mchungaji huyo, mwenyekiti wa baraza lile lile, alisoma taratibu, mpaka kwenye kucha. Kisha akafungua mdomo kutamka neno, na ganzi ilikuwa bado haijaisha. Ikatoka sauti isiyoeleweka na mate kidogo. Akajaribu tena. Akaacha. Akainua mkono, akamwonyesha Fundi Mkubwa mlango wa chuma.

Saa ya ukutani ya Daktari wa Meno ilisomeka hadi pale ngazini. Saa sita kasoro dakika tano.

Fundi Mkubwa akapanda tena vidato ishirini na viwili. Akaweka paji la uso kwenye chuma.

"Ndugu," alisema, "upo?"

Nyuma ya mlango mtu alikuwa anapumua. Halafu ufunguo ukazunguka, mara moja kati ya zile mbili.